Mimi ni katibu wa kamati ya barabara, mwanangu ndiye mwenye mbao

Shikamoo shangazi.

Jina langu naomba lisitoke. Mtaani kwetu watu wanasoma, na namna yangu ya kusema wanaijua.

Naishi kusini mwa Jiji la Mwanza, kati ya Mkuyuni na Buhongwa, kando ya ile barabara kuu ya kwenda Usagara. Kuna kijito kinashuka kutoka milimani, kinapita chini ya lami kwenye kalavati, kinaingia ziwani. Kiangazi mbuzi anakiruka. Masika haya kimetushinda. Mvua ilipiga usiku kucha, kulipokucha maji yakawa yanapita juu ya lami, na yalipopungua kidogo tukaona ubavu mzima wa barabara umemegwa, lami inaning'inia. Askari wakaja, wakaweka utepe na magogo, wakaondoka. Mpaka naandika hapa njia imefungwa.

Shangazi, mafuriko si mageni kwetu, ila miaka mingine maji yalikuwa yanakaa kutwa, yanashuka, maisha yanaendelea. Sasa daladala za mjini zinageuzia upande ule, za Buhongwa zinageuzia upande huu. Abiria anashuka, anavuka kwa miguu, anapanda nyingine, nauli mara mbili. Wenye magari wanazungukia Kishiri na Igoma, na bodaboda ukimwambia akupitishe huko anakutajia bei mpaka unamtazama usoni kuona kama anatania.

Mimi nauza dagaa na sangara wa kukaanga. Mzigo naufuata Mwaloni Kirumba alfajiri. Zamani gunia langu lilikuwa linapakiwa mara moja na kushuka mbele ya genge langu. Sasa linashushwa, linabebwa, linapakiwa tena, na kila mkono uliolishika unataka chake. Faida imebaki harufu.

Mtaa umechemka. Tulienda ofisi moja tukaambiwa barabara hiyo si yao. Tukaenda nyingine, wao wakasema barabara ni yao lakini mtaro ulioziba si wao. Akaja mtaalamu, akapiga picha, akapanda gari lake. Vijana wakataka kuviringisha mawe wafunge hata ile njia ya pembeni ya miguu, ili wakubwa nao wakwame, na mawe Mwanza huendi kuyanunua. Wazee wakakataa. Kwenye mkutano wa mtaa mzee mmoja akasimama akauliza: daraja la Kigongo–Busisi limepita juu ya ziwa karibu kilomita 3, sisi tunashindwaje na kijito cha kurukwa na mbuzi? Watu walipiga makofi mpaka mwenyekiti akaomba utulivu. Ndipo ikaundwa kamati ya kufuatilia, mimi nikachaguliwa katibu, kwa kuwa ndiye ninayeandika daftari la kikoba chetu na hesabu zangu hazijawahi kugombaniwa.

Sasa shida yangu.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka 22. Alikuwa deiwaka wa pikipiki ya mtu. Barabara ilipofungwa abiria wakapotea, mwenye pikipiki akachukua chombo chake. Kijana hakukaa kulia. Yeye na wenzake walikwenda kwenye jengo lililosimama ujenzi, wakaelewana na mlinzi, wakachukua mirunda na mbao, wakapiga kidaraja pembeni ya barabara. Mtu mzima sh. 300, mwenye mzigo sh. 500, pikipiki ya kusukumwa sh. 1,000. Watu wamempa jina, wanamwita ngosha wa mbao. Shangazi, siwezi kukudanganya, pesa anayoleta nyumbani hatujawahi kuiona kwenye bodaboda. Amemaliza marejesho yangu ya mkopo ule wa kausha damu uliokuwa unaninyima usingizi. Amemnunulia mdogo wake viatu vya shule. Ameleta unga.

Halafu mvua zikapoa. Tukategemea maji yashuke, hayakushuka. Alfajiri moja nikiwa natoka kwenda Kirumba niliwakuta wenzake na viroba vya mchanga, karibu na mdomo wa mtaro. Nikamuuliza mwanangu. Akasema, "Mama, tunashikilia mbao zisisombwe." Baba yake akasema niache maswali, mtoto anatafuta. Nikaacha.

Wiki hiyo hiyo akaja mama mjamzito, uchungu umeshamshika, wanamkimbiza hospitali ya Bugando. Mmoja wa vijana akamwambia mume wake atoe kwanza sh. 5,000 ndipo wamnyanyue. Alitoa. Mwanangu anasema yeye hakuwepo wakati huo. Naamini hakuwepo. Lakini mbao ni zake.

Sasa nikipita watu wananiuliza, "Katibu, barua imeshaenda? Au unasubiri kijana amalize kujenga?" Wanacheka, ila si kicheko cha kucheka. Na barua kweli sijaimaliza. Kila nikishika kalamu nafika pale pa kueleza kwa nini maji hayashuki, nakwama.

Nijiuzulu ukatibu? Nimtaje mwanangu kwenye barua? Nimkataze kazi ambayo ndiyo inatulisha, wakati hao wenye mishahara hawajatuletea hata ubao mmoja? Na hiyo barua yenyewe iende kwa nani, ikiwa kila ofisi inasema si yake?

Mama wa Kijana, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu. Pole na safari za Kirumba.

Umeniuliza mengi, lakini nitaanza na ambalo hukuuliza. Hivyo viroba viko wapi hasa? Umeandika "karibu na mdomo wa mtaro" halafu ukakimbilia maneno ya mume wako. Kesi yako yote iko hapo, na nadhani unajua, ndiyo maana kalamu inakwama hapo hapo.

Nenda mchana, maji yakiwa chini, uende na mwanao. Viroba vya kushikilia mbao hukaa kwenye miguu ya mbao. Vinazunguka mirunda, kimoja huku, viwili kule, na maji yanapita katikati yake. Viroba vya kuzuia maji hukaa kwa mstari, vimebanana, pale ambapo maji yalitakiwa kutokea. Mama aliyelea watoto hahitaji injinia wa kumwonyesha tofauti hiyo. Ukikuta ni vya kushikilia mbao, mwambie kijana umeridhika na uendelee na barua yako. Ukikuta ni vya kuzuia maji, viondoke siku hiyo hiyo, kabla ya barua na kabla ya kikao chochote.

Nitakueleza kwa nini nalikazania hili, maana vijana pengine wanadhani wanaongeza tu siku chache za biashara. Tuta la barabara ni udongo ulioshindiliwa, juu yake kokoto, juu yake lami. Maji yakisimama upande mmoja siku nyingi, yanajipenyeza ndani ya tuta na kutokea upande wa pili yakiwa yamebeba udongo laini. Juu lami inaonekana nzima, chini pamekuwa pango. Ile lami inayoning'inia uliyoiona asubuhi ya kwanza inakuonyesha lami inavyokuwa ikikosa udongo chini yake. Sasa wakizidi kuyafungia maji, pango linakua, na kazi ambayo ingekuwa ya kujaza kifusi na kushindilia inakuwa ya kuvunja na kujenga upya. Mbaya zaidi, siku utepe utakapoondolewa, mwenye lori hatajua kilichoko chini ya tairi lake. Akizama pale na utingo wake, mwanao hataweza kusema alikuwa anatafuta.

Na kuviondoa kuna namna yake. Asisimame mtu mbele ya mdomo wa kalavati kuvuta kiroba. Maji yaliyokuwa yamezuiwa yakipata upenyo hufyonza kila kilicho mbele yake, na kalavati halimrudishi mtu. Wasimame pembeni, juu ukingoni, wavute kwa kamba, kimoja kimoja, mchana, na mvua isiwe inanyesha milimani. Mwanza unaweza kuwa na jua kichwani huku mlima wa nyuma umeshafunguka.

Hayo nimesema. Sasa geuka upande wa pili, maana naona mtaa wenu unakaribia kupata hadithi tamu: "Kumbe ni vijana wa katibu ndio wamefunga barabara." Hadithi hiyo itapendwa sana, hasa na wale ambao kazi yao ni kuifungua. Usiiruhusu. Panga mambo kwa mpangilio wake: barabara ilifungwa kwanza, mbao zikaja baadaye, viroba vikaja mwisho. Hakuna kiroba kilichomega ubavu wa lami usiku ule wa mvua.

Kilichomega unakijua, umeishi nacho. Milima yenu ni mawe. Maji ya mvua yakidondoka juu ya jiwe hayana pa kunywewa, yanateremka yote kwa pamoja. Zamani angalau katikati ya mawe kulikuwa na vichaka na udongo uliokuwa ukiyachelewesha. Leo kuna nyumba mpaka juu kileleni, mabati na viambaza, na njia za miguu ambazo mvua ikinyesha zinageuka mifereji. Yanashuka na mchanga, yanashuka na chupa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini ukizibua kalavati lolote mjini utakuta chupa za maji na soda na vitambaa vya mafundi cherehani vimeshonana humo ndani.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Ziwa Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Nile pale Jinja, na sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayoliangukia lenyewe. Likijaa halishuki kwa wiki moja. Mei 2020 lilipanda hadi kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu mwaka 1964, na waliokuwa na vibanda mialoni wanakumbuka walivyohama. Ziwa likiwa juu, kijito chenu kinapofika chini hakina mteremko wa kukimbilia. Maji yanasimama na mchanga unatua pale pale chini ya barabara. Ukimsikia mtu anasema dawa ni kuzibua tu, mwulize mchanga utakaokuja na vuli ya Oktoba atauzuiaje. Na ukimsikia anasema dawa ni daraja tu, mwulize chupa. Yule mzee wenu wa Kigongo–Busisi amenifurahisha, na hoja yake iingie kwenye barua. Daraja lile limefunguliwa Juni 2025 na watu wa Sengerema wamesahau foleni ya kivuko. Anayeweza kusimamisha nguzo ziwani anaweza kupima upya kalavati la kijito.

Sasa mbao za mwanao.

Mimi simlaumu kwa mbao. Alikuta watu wamekwama, akatumia akili na mikono, na kama umesema kweli kwamba hakuna ofisi iliyoleta hata ubao, basi kwa siku hizo yeye ndiye aliyewavusha wanafunzi na wauguzi na wewe mwenyewe na gunia lako. Kumlipa mtu aliyebeba gunia lako ni haki yake. Ninapoanza kukunja uso ni pale ambapo ujira wa kubeba unageuka kodi ya kupita. Njia ni ya umma. Asiye na sh. 300 afanye nini, alale mjini? Na mwenye uchungu wa kuzaa hafanyiwi mapatano ya bei. Ile sh. 5,000 irudi. Isiende na wewe wala isitumwe kwa simu. Aipeleke yeye mwanao na huyo rafiki yake, kwa mguu, waingie kwenye nyumba hiyo, waulize mtoto amezaliwaje. Hakuwepo, sawa, lakini umesema mwenyewe mbao ni zake.

Baada ya hapo, kama kidaraja kitaendelea kabla ya mamlaka kuweka chao, kiendelee kwa masharti ya mtaa. Mwenyekiti na mtendaji wayaseme hadharani: wanafunzi, wagonjwa, wajawazito na wazee wanapita bure, mtu mikono mitupu anapita bure, anayetaka kubebewa mzigo au kusukumiwa pikipiki analipa, na bei iandikwe kwenye kibao. Pato litapungua. Ndiyo, litapungua. Lakini litakuwa pato ambalo unaweza kuliandika kwenye lile daftari lako bila kuangalia nyuma.

Na kuna wakati kinafungwa kabisa. Mwambie hivi, na asibishane nawe kwa sababu hili si la kubishana: maji yanayokimbia yakifika sentimita 15 tu, juu kidogo ya kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaanza kuelesha gari dogo. Sentimita 60 zinabeba karibu gari lolote mnalolijua. Kwa hiyo maji yakigusa mbao, hakuna anayevuka, hata akitoa noti nyekundu. Usiku pia hapana. Mtu akisombwa, wapigieni Zimamoto na Uokoaji 114, namba hiyo ni bure, na mrushieni kamba au dumu tupu lililofungwa vizuri. Asimfuate mtu majini. Na ujue, mwanangu, siku mtu akizama pale, wa kwanza kutafutwa atakuwa yule aliyepokea pesa yake.

Umeuliza kama ujiuzulu. Sioni sababu, isipokuwa kama unataka kujiuzulu ili usiandike. Kuna jambo moja la kufanya, nalo litakugharimu dakika chache za aibu. Mkutano ujao wa mtaa, kabla agenda haijaanza, simama useme: "Kidaraja cha mbao ni cha mwanangu, pesa yake imeingia nyumbani kwangu, na kila mtu hapa anajua. Viroba vilivyokuwa mtaroni vimeondolewa. Barua naiandika, lakini kipengele cha kidaraja akiandike mwenzangu." Basi, kaa chini. Usieleze mkopo, usieleze viatu vya shule, usilie. Watakaotaka kukusema watakusema wiki moja. Ukikaa kimya watakusema mpaka vuli. Na ukijiuzulu, nani ataandika? Wewe ndiye mwenye daftari lisilogombaniwa. Kamati nyingi za mitaa nimeziona zikifa kwa kukosa mtu wa kuandika tu, wasemaji huwa hawakosekani.

Kumtaja mwanao kwenye barua? Barua haihitaji jina la kijana yeyote. Inahitaji kusema wakazi walilazimika kujitengenezea kivuko cha mbao, kwamba si salama, na kwamba kwa muda kulikuwa na viroba kwenye mtaro ambavyo wakazi wamekwisha kuviondoa. Kweli yote imo humo. Ukificha viroba, siku mtaalamu akiona mchanga na nyuzi za viroba pale, barua yenu nzima itaonekana ya uongo.

Iende kwa nani. Mlichoambiwa kwenye zile ofisi mbili huenda kilikuwa kweli pande zote, na ndiyo maana kinaudhi. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na kila mkoa una meneja wake. Barabara za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Taka na usafi wa mitaro ya mtaani ni mambo ya halmashauri. Mto wenyewe una Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na ofisi zake mnazo hapo hapo Mwanza. Kijito chenu kinapita mikononi mwa wote hao ndani ya mita chache. Kwa hiyo msiandike barua nne zinazolia vilio vinne. Andikeni moja, kwa Meneja wa TANROADS wa Mkoa kwa kuwa lami ni yake, na chini kabisa nakala kwa hao wengine wote, kwa Mkuu wa Wilaya, kwa diwani na kwa mbunge. Kila mmoja akiona jina la mwenzake hapo chini atapata shida kusema hakuambiwa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 nayo imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini, kwa hiyo muulizeni mtendaji wa kata kamati yake ilikaa lini na iliandika nini kuhusu tukio hili. Swali hilo huwa linawaamsha watu.

Pelekeni kwa mkono. Muwe na kopi ya ziada, masjala wagonge muhuri wa kupokea na tarehe kwenye kopi yenu. Barua isiyo na muhuri ni hadithi mliyosimuliana.

Ndani yake msianze na daraja. Najua ndicho mnachokitaka, lakini ukianza na daraja unajibiwa "bajeti" na mazungumzo yanaisha. Ombeni kwanza vitu visivyoweza kusubiri: kivuko cha muda cha bure chenye mikono ya kushikilia, taa au alama usiku kwenye ule ukingo uliomegwa, na mtu wa kupima kama tuta lina pango kabla gari lolote halijaruhusiwa. Pili, kuzibuliwa kwa kalavati na mtaro kabla ya Oktoba, na tarehe iandikwe. Tatu ndipo liingie la kupima upya ukubwa wa kalavati, na hapo mzee wenu apewe aya yake. Ambatanisheni picha zenye tarehe, na hesabu za kweli za watu wenu: nauli ilikuwa ngapi na sasa ngapi, wanafunzi wangapi wa mtaa wanavuka kila asubuhi, gunia la dagaa lilifika kwa bei gani na sasa linafika kwa bei gani. Hizo unazo tayari, wewe ni muuzaji. Zina nguvu kuliko "wananchi wanateseka sana", maneno ambayo ofisini wameyasoma mpaka hayawagusi tena.

Kuhusu mawe, wazee wenu wako sahihi. Atakayekwama siyo mkubwa yeyote, ni mjamzito mwingine.

Mwanao hawezi kukaa na mbao milele, na akili yake ni nzuri mno kurudi kuwa deiwaka. Kwenye barua ombeni vibarua wa kuzibua na kujenga watoke mtaani kwenu. Kisha yeye na wenzake wajisajili kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Guta la kubebea mizigo sokoni au pikipiki yao wenyewe si ndoto. Lakini afisa huyo huwauliza watu wa mtaa tabia za kikundi, kwa hiyo ile sh. 5,000 iwe imerudi kabla hawajajaza fomu. Baba yake anataka atafute, mwambie huko ndiko kwa kutafuta.

Jambo la mwisho, na hili hata hukulifikiria. Vijana hao wameshinda ndani ya maji hayo tangu barabara ifungwe, maji yaliyopitia vyoo vya shimo vya mlima mzima na kuchanganyika na ya ziwa. Kichocho kimejaa ukanda wenu na hakina haraka. Anaweza kukaa miezi ndipo aone damu kwenye mkojo au choo, au tumbo lianze kumsumbua akadhani ni vidonda. Wavae mabuti. Na wiki chache baada ya kutoka majini waende wote kituo cha afya wapimwe. Dawa yake ipo, wanaipima kwa uzito wa mtu. Aende akiwa amekula, maana ile ukiimeza na njaa inakugeuza tumbo kutwa nzima.

Shangazi